Chipu ya Jicho na Gharama ya Kusubiri

Tangu Oktoba 2025, matokeo ya kifaa kiitwacho PRIMA yalipochapishwa katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine, zimezagaa simuni video za wazee wa Ulaya waliovaa miwani minene wakisoma maandishi herufi moja moja, na chini yake maneno ni yale yale: upofu umepata tiba. Habari yenyewe ni ya kweli. Tafsiri tuliyoipa ndiyo iliyokwenda kombo, na si kosa dogo la kucheka na kupita. Wengi wanaopoteza uoni Afrika Mashariki hawapofuki kwa sababu wanasayansi hawajavumbua kitu. Wanapofuka kwa sababu ya kuchelewa: kuchelewa kujua, kuchelewa kufika hospitali, kuchelewa kurudi kliniki. Habari ya chipu, ikisimuliwa hivi inavyosimuliwa, inawapa sababu mpya ya kuendelea kuchelewa.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana anayekisifu na anayekibeza mara nyingi wote wawili hawajui kinafanya nini. PRIMA ni kipande chenye upana wa milimita 2 kwa 2, chembamba kuliko unywele, chenye pikseli 378, na daktari hukipandikiza chini ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mgonjwa huvaa miwani yenye kamera. Kamera huchukua picha ya kilicho mbele yake na kuirusha ndani ya jicho kwa mwanga ambao macho ya kawaida hayauoni. Chipu huugeuza mwanga huo kuwa umeme na kuziamsha seli za retina zilizobaki hai. Jaribio lilifanyika katika nchi 5 za Ulaya kwa watu 38, wastani wa umri wao ukiwa kama miaka 79. Kati ya 32 waliofikisha mwaka mmoja, 26 walipata nafuu ya maana, na kwa wastani watu waliweza kusoma kama mistari 5 zaidi kwenye ubao wa kupimia macho. Kwa mtu ambaye kitovu cha uoni wake kilikuwa giza, hilo ni jambo kubwa. Lakini uoni huo ni wa rangi nyeusi na nyeupe, ni mwembamba, na unahitaji mazoezi ya miezi kadhaa. Mtu anausoma ukurasa; havuki nao barabara ya Morogoro saa kumi na moja jioni.

La pili, na hili ndilo husahaulika kabisa, ni kwamba kifaa hiki kimepimwa kwa ugonjwa mmoja: kuchakaa kwa kitovu cha retina kunakoletwa na uzee, tena katika hatua moja ya ugonjwa huo. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi, waliokuwa vipofu duniani walikaribia milioni 33.6. Milioni 15.2 kati yao walipofushwa na mtoto wa jicho, milioni 3.6 na glakoma, yaani presha ya macho, milioni 2.3 na ukosefu wa miwani tu, na milioni 1.8 na huo ugonjwa wa kitovu cha retina. Kwa hiyo kila anayelengwa na teknolojia hii ana wenzake 8 au zaidi wanaosubiri upasuaji ambao umekuwapo tangu babu zetu wakiwa vijana. Jicho lina sehemu nyingi zinazoweza kuharibika. Lenzi ikipata ukungu, na huo ndio mtoto wa jicho, inabadilishwa. Konea, yaani kioo cha mbele, ikipata kovu, inawezekana kupandikizwa ya mtu aliyefariki. Seli za retina zikifa, hapo ndipo chipu na tiba za jeni zinapojaribu bahati yao. Mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo ukifa, hadi leo hakuna kinachourudisha. Anayeuliza kama upofu unatibika bila kusema ni sehemu gani ya jicho iliyougua hawezi kupata jibu la maana.

Kusubiri kwenyewe hakukuletwa na video hizi, kulikuwapo kabla. Kwa miongo mingi wazee wetu wameambiwa, wakati mwingine na wahudumu wa afya wenyewe, kwamba mtoto wa jicho hafanyiwi upasuaji mpaka akomae. Ushauri huo ulikuwa na maana enzi za upasuaji wa zamani, lenzi ilipotolewa nzima na mgonjwa kupewa miwani mizito kama chini ya chupa. Leo daktari anaingia kwa tundu dogo lisilohitaji hata mshono, anaitoa lenzi iliyopata ukungu na kuweka ya bandia ndani ya kifuko kile kile. Kazi ya dakika chache kwa mkono uliozoea. Mtoto wa jicho aliyekomaa sana huwa mgumu na humpa daktari shida zaidi. Katika muda huo wa kungoja, mzee ameacha shamba, ameanguka mara mbili, na mjukuu mmoja ameacha shule ili amshike mkono. Kwa watoto wachanga hali ni mbaya zaidi. Mtoto aliyezaliwa na ukungu kwenye lenzi ana miezi michache tu ambayo ubongo wake unajifunza kuona. Ukipita muda huo, hata upasuaji mzuri kabisa unaacha jicho safi lisiloona vizuri. Na ule weupe ndani ya mboni ambao mama anauona anapompiga mwanawe picha, ukiwa ni saratani ya retina, kungoja kunaweza kumwua.

Penye hatari kubwa kuliko pote ni glakoma, hiyo presha ya macho. Haiumi. Inakula pembeni kwanza, taratibu, na mgonjwa haoni kwamba haoni, kwa sababu katikati bado pako sawa. Anapoanza kugonga milango, sehemu kubwa ya ule mshipa wa fahamu wenye nyuzi zaidi ya milioni moja imekwisha. Hazioti tena. Mwaka 2023 madaktari wa New York walipandikiza jicho zima kwa mara ya kwanza, jicho likaishi, damu ikapita, lakini halikuona, kwa sababu hiyo hiyo: hakuna ajuaye kuunganisha nyuzi hizo na ubongo. Matone ya glakoma basi hayarudishi kitu, yanalinda kilichobaki, na hapo ndipo yanapowashinda watu. Shangazi yangu aliyeko Tanga alinipigia baada ya kutumiwa mojawapo ya video hizi. “Mwanangu, hiyo mashine ikifika Dar mtaniambia,” alisema, “haya matone nimeyaacha, yanawasha na sioni faida yake.” Nilitumia nusu saa kumweleza kwamba faida yake ni ule uoni anaotumia kumenya vitunguu huku akizungumza nami. Sina hakika nilimshinda mtu aliyerusha ile video.

Kinachonikera ni kwamba habari kubwa ya glakoma kwa ukanda huu ilishatoka, tena kutoka Moshi, na haikupigiwa hata ngoma moja. Watafiti katika hospitali ya KCMC waliwagawa wagonjwa wapatao 200 katika makundi mawili: kundi moja likapewa matone ya timolol ya kila siku, jingine likapigwa leza maalumu inayofungua njia ya maji ya jicho, tendo la dakika chache ambalo mgonjwa hukaa kwenye kiti na kuondoka kwa miguu yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika The Lancet Global Health. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalikuwa yamefanikiwa kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na asilimia 31 ya yale ya matone. Si muujiza, karibu macho 4 kati ya 10 yalihitaji kitu kingine. Lakini fikiria maana yake kwa mtu anayeishi kilomita 80 kutoka duka la dawa, ambaye kichupa kikiisha tarehe 20 husubiri mwezi ujao, ambaye mkono unatetemeka na nusu ya matone huishia shavuni. Hapa kuna teknolojia ya kisasa, imepimwa kwa watu wetu, katika hospitali yetu, kwa ugonjwa unaotusumbua. Hakuna aliyenitumia video yake.

Sasa, Mgala muue na haki yake umpe. Wanaoshangilia chipu wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba teknolojia huanza ghali, kisha hushuka. Harold Ridley alipoweka lenzi ya kwanza ya bandia ndani ya jicho la mgonjwa huko London mwaka 1949, wenzake wengi walimpinga kwa miaka. Leo lenzi hiyo iko katika hospitali zetu za mikoa. Ni kweli, ila tazama ilishukaje. Haikuporomoka yenyewe kama embe bivu. Ilingoja hadi mwaka 1992, watu wa hospitali ya macho ya Aravind huko Madurai, India, walipoamua kujenga kiwanda chao, Aurolab, na kuishusha kutoka zaidi ya dola 100 hadi kama dola 10. Miaka 43 ilipita, na mwishoni palikuwa na uamuzi wa watu wenye wagonjwa wengi na hela kidogo. Dawa ya bevacizumab ina kisa kinachofanana: ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, madaktari wa macho wakagundua kwamba chupa moja ikigawanywa kwa usafi wa hali ya juu inatoa sindano nyingi ndogo za kuokoa retina, zikiwamo za wagonjwa wa kisukari, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Teknolojia hushuka bei pale mtu anapoishusha. Anayesema tungoje ishuke hana budi kusema pia ni nani ataishusha.

Tena kuna vifaa ambavyo havishuki, vinakufa. Kabla ya PRIMA kulikuwa na Argus II, jicho la kielektroniki la kampuni ya Second Sight ya Marekani, lililoruhusiwa Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2013. Bei yake ilikuwa kama dola 150,000 kabla ya gharama za upasuaji, na watu wapatao 350 duniani waliwekewa. Mwaka 2019 kampuni iliacha kuitengeneza, mwaka uliofuata ikakaribia kufilisika, na wagonjwa wakabaki na vyuma machoni visivyo na fundi wala spea. Mwanamke mmoja kifaa chake kilizima akiwa anabadilisha treni ndani ya kituo cha New York. Kililia kidogo, kikanyamaza, na hakikuwaka tena. PRIMA yenyewe ilinusurika: Pixium Vision, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa ikiiendeleza, ilianguka kifedha, na mwaka 2024 mradi ukanunuliwa na Science Corporation ya Marekani. Ikiwa mtu wa New York anaweza kuachwa hivyo, sisi ambao mashine ya hospitali ikiharibika husubiri kipuri miezi tuna kila haki ya kuuliza maswali ya ufundi kabla ya kupiga vigelegele.

Hoja ya pili naiheshimu zaidi, na sina jibu la kuifunga kabisa. Inasema hivi: kwa nini Mwafrika kila mara aambiwe aridhike na miwani na matone, huku wenzake wakipewa jeni na chipu? Kuna watoto Dodoma na Kisumu wenye magonjwa ya retina ya kurithi ambao hakuna upasuaji wa mtoto wa jicho utakaowafaa. Tiba ya jeni ya kwanza kwa ugonjwa wa namna hiyo, Luxturna, iliruhusiwa Marekani Desemba 2017 kwa bei ya dola 425,000 kwa kila jicho, na inamfaa tu mwenye hitilafu katika jeni moja iitwayo RPE65. Kumwambia mzazi wa mtoto huyo habari za takwimu za mtoto wa jicho ni kumfanyia ukatili. Lakini hata kwake mlango wa kwanza uko pale pale: awe amepimwa, ugonjwa wake ujulikane kwa jina, na kumbukumbu zake ziwepo mahali. Mtu ambaye hajawahi kuangaliwa nyuma ya jicho hawezi kuitwa siku tiba ikipatikana. Kwa hiyo sioni kwamba huduma ya kawaida na teknolojia ya juu zinagombania mtu mmoja. Ya kwanza ndiyo inayompeleka kwenye ya pili.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema upasuaji wa nini, kuna matone yanayoyeyusha mtoto wa jicho. Yanauzwa mitandaoni na kwenye mabasi, mengine yana picha ya karoti, mengine yana picha ya nyoka. Hakuna tone lililothibitishwa kumyeyusha mtoto wa jicho kwa binadamu, iwe la kiwandani au la majani. Lenzi iliyopata ukungu ni protini iliyobadilika, kama ute wa yai uliochemshwa, na hakuna atakayeurudisha ute huo kuwa maji kwa kuudondoshea kitu. Karoti inasaidia anayekosa vitamini A, hasa watoto, na si mwingine. Kuhusu dawa za majani zinazotiwa machoni, madaktari wetu wamekuwa wakipokea vidonda vya konea vilivyotokana nazo kwa miaka mingi, na kovu la konea ni upofu ambao mgonjwa hakuwa nao alipotoka nyumbani.

Hata hivyo upande wangu, wa wale wanaosema tuimarishe huduma za kawaida, nao una dhambi yake, na sipendi kuifunika. Tunahesabu upasuaji. Kambi ya macho inakuja wilayani, bango linatundikwa, mkuu wa wilaya anahutubia, wazee mamia wanapimwa, wengi wanapasuliwa, bandeji zinatolewa asubuhi inayofuata mbele ya kamera, na timu inaondoka. Nani anarudi baada ya wiki 6 kupima wanaona kiasi gani? Kama lenzi iliyowekwa haikuwa ya nguvu sahihi, mzee anahitaji miwani, na kambi imeshakwenda. Miezi au miaka baadaye kile kifuko kinachoshika lenzi kinaweza kuota ukungu, na kijiji kizima kinasema mtoto wa jicho karudi, upasuaji wa bure ndivyo ulivyo. Hajarudi. Ukungu ule unafunguliwa kwa leza nyingine, dakika chache, bila kisu, lakini mpaka mtu awe na pa kwenda. Mzee mmoja aliyekata tamaa hivyo huwazuia majirani wengi, na hakuna tangazo la redio litakalowashawishi. Ndiyo maana mwaka 2021 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kipimo tofauti: wangapi kati ya wanaohitaji upasuaji wamepasuliwa na wakaona vizuri. Lengo ni kukipandisha kwa alama 30 za asilimia ifikapo 2030. Kwa kipimo hicho, kambi yenye wagonjwa 400 isiyojulikana matokeo yake inaweza kuwa na thamani ndogo kuliko hospitali tulivu inayopasua 10 kwa wiki na kuwafuatilia.

Na wapo ambao uoni wao hautarudi, au haukuwahi kuwa kamili. Kundi hili chipu imelisahau na sisi tumelisahau. Watu wenye ualbino, ambao ukanda wetu una wengi, huzaliwa na kitovu cha retina ambacho hakikukamilika. Hakuna upasuaji wa kukirekebisha. Mtoto huyo anahitaji kiti cha mbele darasani, darubini ndogo ya mkononi, miwani ya kivuli, maandishi makubwa, na mwalimu asiyemwita mvivu. Aliyepofuka kabisa ukubwani anahitaji mtu wa kumfundisha fimbo nyeupe, nukta nundu, na simu inayosoma kwa sauti. Mara nyingi hospitali humwambia tu kwamba hakuna la kufanya na kumfungulia mlango. Lipo la kufanya, ila haliko katika bajeti ya hospitali, na wizara inayohusika na elimu na ile inayohusika na afya kila moja hudhani mwenzake ndiye mwenye nalo.

Tukilikubali hili, maamuzi kadhaa yanabadilika. Burundi, nchi isiyo na utajiri wa kujivunia, ilithibitishwa mwaka 2025 kuwa imeutokomeza ugonjwa wa vikope kama tatizo la afya ya jamii, kwa dawa, upasuaji wa kope, maji na usafi wa uso. Vitu ambavyo havina video ya kusambaza. Rwanda iliwafundisha wauguzi wa vituo vya afya nchi nzima kupima macho na kutoa miwani, bila kungoja iwe na madaktari bingwa wa kutosha. Kwetu mjadala wa bima ya afya kwa wote bado ni mbichi, na ndio wakati wa kuuliza mambo mahususi: je, mfuko unalipia upasuaji wa mtoto wa jicho pekee, au pamoja na miwani ya baadaye na ile leza ya kufungua kifuko? Glakoma italipiwa kwa kichupa cha kila mwezi mpaka mgonjwa achoke, au hospitali za rufaa za mikoa zitapewa mashine ya leza iliyopimwa Moshi, pamoja na fundi wa kuitunza? Ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa wa glakoma wana hatari kubwa kuliko mtu baki. Nani anawaandika na kuwaita? Na waandaaji wa kambi, wanapokuja kuomba kibali wilayani, waulizwe kabla ya bango kutundikwa ni nani atakayebaki na kadi za wagonjwa, na matokeo ya wiki ya 6 yatabandikwa wapi.